Picha Iliyoungua Nduruma

"Hakuna mwanga chini ya Mlima Meru ambao haujanipa shikamoo," alisema Gadiel siku ya Ijumaa, mlangoni pa studio yake pale Sokon I, mguu mmoja juu ya ndoo, kamera kifuani kama msalaba wa askofu. "Wa asubuhi, wa mchana, wa kanisani, wa ukungu wa mwezi wa saba. Wote nimewalea mimi."

Sisi tuliokuwa tumekaa kwenye benchi la fundi viatu tulitikisa vichwa kwa heshima. Mtu mwenye miaka ishirini na mbili ya kupiga picha za kipaimara unamwachia aseme. Kesho yake, kabla hata ya saa tano, mwanga mmoja mkorofi ulikuja ukampita bila kumwambia hata mambo.

Kesho yake hiyo ilikuwa siku ya mbio za wasichana, kilomita tano, kwenye uwanja wa shule moja kule Nduruma. Mshindi angekwenda kambi ya mazoezi mwaka mzima: chakula, viatu, kocha, kitanda. Nafasi ilikuwa moja. Waliokuwa na miguu ya kuichukua walikuwa wawili: Violet, binti wa mkulima Kasaine wa hukohuko Nduruma, na Namelok, binti wa Gadiel.

Namelok alikuwa na miaka ishirini na alifanya kazi ya kufunga maua kwenye shamba moja kubwa. Siku nzima alisimama kwenye chumba cha baridi akihesabu mawaridi ya watu asiowajua. "Nikiipata hiyo nafasi," alikuwa akimwambia mama yake, "sitashika waridi tena mpaka nipewe na mtu."

"Utasubiri," mama yake, Nasieku, alimjibu. "Wanaume wa huku wanaleta ndizi."

Mashine ya kupima nani kagusa mstari kwanza haikuwepo. Mwalimu Solomoni, mwamuzi mkuu, alimwomba Gadiel asimame mstarini na kamera yake, ili wakifika kwa kukaribiana, picha ndiyo iseme. Gadiel mwenyewe alimkumbusha kwamba mmoja wa wakimbiaji ni mwanawe. Mwalimu akamuuliza Kasaine kama ana neno. Kasaine, mzee wa maneno machache, akasema, "Kamera haina binti," na mjadala ukaishia hapo.

Jioni ya Ijumaa simu ikaita. Alikuwa Nelson, kijana aliyefundishwa kazi na Gadiel, sasa ana studio yake Njiro yenye kiyoyozi na mapazia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekwama wapi leo?"

"Sijakwama mzee, nilikuwa nawaza hiyo kazi yako ya kesho. Mlima utakuwa unacheza na mawingu. Funga kasi, funga tundu la lenzi, halafu ISO, ule wepesi wa kamera kuona mwanga, iache ipande na kushuka yenyewe. Jua likitoka ghafla, kamera italiona kabla yako."

"Nelson."

"Naam mzee."

"Nani alikufundisha kushika kamera?"

"Wewe mzee."

"Haya, lala salama." Na ilikuwa saa kumi na moja na nusu.

Ili umwelewe Gadiel, lazima uelewe kipaimara. Wasichana arobaini wamevaa magauni meupe, wamejipanga mbele ya madhabahu. Kamera ikiona weupe mwingi kiasi hicho huingiwa na hofu, hudhani dunia imewaka moto, nayo inapunguza mwanga. Matokeo yake magauni yanakuwa ya kijivu na nyuso za watoto zinageuka mkaa, na mama zao wanakuja studio wameshika kiuno. Kwa hiyo Gadiel ana kanuni yake: anapima kwenye nguo nyeupe, anaongeza alama mbili za mwanga kwa mkono wake, kisha anafunga kila kitu. Kanisani kanuni hiyo haijawahi kumwangusha. Mwanga wa kanisani ni kama mzee wa kanisa, hautoki mahali pake mpaka ibada iishe.

Tatizo ni kwamba Nduruma hakukuwa na dari.

*

Jumamosi Meru alikuwa amejifunika mpaka mabegani. Uwanja mzima ulikuwa na ule mwanga laini wa kijivu, usio na kivuli, ambao wapiga picha wanaupenda kama watoto wanavyopenda uji wenye sukari. Gadiel alimsimamisha Namelok mstarini na fulana yake nyeupe ya mbio, akapima kwenye fulana, akaongeza alama zake mbili, akafunga. Akapiga moja ya kujaribu, akamwonyesha mkewe.

"Mama Namelok, hebu ona. Hata jasho la pua linaonekana."

Nasieku aliitazama, halafu akatazama juu. "Nzuri. Lakini lile wingu lina kitobo."

"Wapi?"

"Lile pale, juu ya ile miti ya migrevilea."

Gadiel alikitazama kile kitobo kama daktari anavyotazama mgonjwa wa kujisingizia. "Kile hakifiki hapa kabla ya saa saba."

Utepe wa kumalizia ulikuwa mwekundu. Watu wa pale, kwa kupenda haki kupita kiasi, walitaka kila upande uwe na mtu wake wa kuushika. Ncha moja akapewa Kasaine, baba yake Violet. Ncha nyingine akapewa Lemburis, mjomba wake Namelok. Mwalimu Solomoni aliridhika sana na mpango huo. Hakuna aliyefikiri kwamba amewaweka mahali pa mashahidi watu wawili ambao hata wakifumbwa macho kila mmoja atamwona wa kwake.

Wakaondoka saa nne kamili, wasichana kumi na tisa. Wakapotea nyuma ya mashamba ya mahindi, wakazunguka mfereji, na baada ya dakika kumi na nane na kitu wakarudi wawili tu, wengine wakiwa bado vumbi kwa mbali. Violet mbele kwa hatua moja na fulana yake ya kijani kibichi iliyokolea. Namelok nyuma yake, shingo imenyooka, mikono haipotezi kitu.

Hatua mia moja. Uwanja ukasimama. Hatua hamsini, Namelok akamfikia. Hatua thelathini, na kile kitobo cha wingu kikafika, zaidi ya saa mbili na nusu kabla ya ahadi ya Gadiel, na jua likashuka uwanjani kama mtu aliyesukuma mlango kwa teke.

Ndani ya kamera Gadiel aliona kila kitu kinapauka. Kidole gumba chake kilijua la kufanya. Kilishafika kwenye gurudumu la kupunguzia. Lakini kuligeuza lile gurudumu kulitaka jicho lisome namba, na jicho lilikataa. Lilikuwa linamtazama mtoto wake. Kwa zile sekunde nne Gadiel hakuwa mpiga picha, alikuwa baba tu aliyeshikilia kamera, na kidole kingine kikabaki kinabonyeza chenyewe, tra-tra-tra, kama cherehani iliyoachwa na fundi.

Wakapita pamoja. Utepe ukaondoka.

"Violet," alisema Kasaine.

"Namelok," alisema Lemburis.

"Nimeuona mwenyewe ukimgusa Violet."

"Mzee, mimi nilikuwa nimeushika. Niliusikia mkononi."

"Na mimi nilishika nini, mkia wa ng'ombe?"

Mwalimu Solomoni akainua mkono. "Picha," akasema. Watu wote wakageuka.

Gadiel alibonyeza ile picha ya mstarini na kioo cha nyuma ya kamera kikajaa weupe. Nyuso mbili zilielea hewani, mikono minne ya kahawia, kitu cha kijani kilichopauka, na fulana nyeupe ya Namelok ilikuwa imeyeyuka kabisa pamoja na uwanja, mahindi na utepe. Mwalimu Solomoni alivaa miwani. Akaivua. Akaivaa tena.

"Gadiel," alisema taratibu, "hii ni nini?"

Mtu mmoja nyuma akajibu kwa niaba yake: "Maziwa."

Basi kicheko kikapasuka. Watu wakasogea kuona. Mmoja akauliza kama ni fresh au mtindi. Mwingine akasema ng'ombe wa namna hiyo akipatikana, Nduruma yote itaacha kilimo. Kabla maji ya wakimbiaji hayajaisha, Gadiel alikuwa ameshabatizwa Baba Maziwa. Mama mmoja wa Njiro, aliyekuwa amemwahidi kazi ya harusi ya bintiye, alikuja akampa mkono wa pole kama mfiwa, akasema kuhusu ile harusi watawasiliana. Sote tunajua kuwasiliana kwa namna hiyo kunaishia wapi.

Mwalimu Solomoni akatoa uamuzi. Kwa kuwa picha hakuna na mashahidi ni ndugu wa wakimbiaji, wasichana hao wawili watarudia Jumatatu jioni, lakini siyo kilomita tano, watachakaa. Watakimbia mita mia nane.

Kasaine aliinamisha kichwa. Mita mia nane Namelok hajashindwa na mtu tangu darasa la tano, na hata Violet alijua hivyo. Alimpa Namelok mkono, akajaribu kutabasamu, akaenda kukaa chini ya goli.

*

Nyumba ya Gadiel iko nyuma ya studio; mlango mmoja unatenganisha biashara na ugali. Alasiri ile alijifungia upande wa biashara, akafungua kompyuta. Kamera yake ina tabia ya kuhifadhi picha mbichi, kabla haijazipika, na picha mbichi unaweza kuirudisha nyuma kidogo kama mpishi anayepunguza chumvi kwa kiazi. Hakuwa na tumaini. Alitaka tu kuona ameharibu kiasi gani.

Akashusha mwanga. Nyuso zikapata pua na macho. Akashusha tena. Fulana ya Namelok haikurudi, ilikuwa imekwenda moja kwa moja, lakini ile ya Violet ikapata mikunjo. Akashusha mpaka mwisho, na katikati ya weupe ukajitokeza mstari wa rangi ya waridi iliyofifia, kama kovu la zamani. Utepe.

Ulikuwa umekunjika kifuani kwa Violet. Mbele ya shingo na bega la Namelok, umbali wa vidole vinne hivi, bado ulikuwa umenyooka.

Gadiel alikaa. Nasieku aliingia na chai, naye Gadiel akazungusha kompyuta ukutani.

"Baba Namelok, tangu lini unanificha picha?"

"Hakuna kitu. Imeungua."

"Basi nionyeshe ilivyoungua."

Alimwonyesha. Nasieku hajasomea picha, lakini miaka ishirini na mbili ya kukata kingo na kubandika fremu si midogo. Aliuona utepe kabla hajaweka kikombe chini.

"Mwingine nani ameiona?" aliuliza.

"Wewe."

"Na watu wote wameshaamini hakuna kitu."

"Wameshaamini."

Akavuta kigoda akaketi. Nasieku alikuwa anafikiria mikono ya mwanawe ikitoka kwenye kile chumba cha baridi jioni, ilivyopasuka, ilivyonuka dawa ya maua. Alikuwa anafikiria pia Jumatatu, mita mia nane. Hakuna ambaye angeibiwa mfukoni. Ingekuwa ni kukaa kimya tu, na kukaa kimya hakuna amri inayokutaja.

"Nikisema nimeipata," alisema Gadiel, "mimi nitaheshimika na mtoto atarudi kwenye maua. Nikinyamaza, mtoto atakwenda kambini, na mimi nitaitwa Baba Maziwa mpaka siku ya mazishi yangu."

"Hilo jina ungelivumilia?"

"Kwa ajili yake ningeitwa hata Baba Jibini."

Nasieku alicheka bila kutaka, na hapo Namelok akaingia akitafuta chaja. Alikuwa na kanga kichwani na malapa mawili yasiyofanana. Akaona nyuso zao, akaona kompyuta, akasogea. Hakuna aliyewahi kuizungusha tena. Aliitazama picha muda mrefu, halafu akagusa kioo pale penye utepe ulionyooka.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?" aliuliza mama yake.

"Mtu akiwa sawa na wewe unasikia pumzi yake sikioni. Violet nilikuwa namsikia kwa mbele. Kidogo tu. Kama mtu aliyeingia nyumbani akakusubiri mlangoni." Akakaa juu ya kile kiti wanachokalia watu wa paspoti. "Baba alipoonyesha ile picha ikawa nyeupe, nilifurahi. Nilisema asante Mungu. Halafu tangu saa nne sijaweza kula."

"Nikadhani ni uchovu," alisema Nasieku.

"Si uchovu. Nikishinda Jumatatu, kila asubuhi kule kambini nitaamka kwenye kitanda cha mtu mwingine." Akamgeukia baba yake. "Nilikuwa naomba useme wewe, kwa sababu mimi mdomo ulikataa."

Gadiel alitaka kusema jambo kubwa, la baba. Lililotoka ni hili: "Kifua ungekirusha mapema kidogo."

"Na wewe mwanga ungeupunguza mapema kidogo."

"Nilikuwa nakutazama."

"Najua," alisema Namelok. "Nilikuona. Ulikuwa umetoa na ulimi."

Gadiel akawasha printa. Ile mashine yake kongwe ilikohoa, ikavuta karatasi, na wote watatu wakakaa wakiitazama ikitema kushindwa kwao, mstari baada ya mstari. Nasieku ndiye aliyeitia kwenye bahasha, ile yenye msalaba wa dhahabu anayowekea picha za kipaimara, kwa kuwa nyingine haikuwepo. Alipoifunga alikaza mkono juu yake muda mrefu kuliko gundi inavyohitaji.

*

Jumapili walikwenda kusali Nduruma, ambako Mwalimu Solomoni ni mzee wa usharika. Ibada ilipokwisha, watu walitoka nje kwenye mnada kama kawaida: mikungu ya ndizi, mayai kwenye kikapu, jogoo aliyefungwa miguu, miwa, boga moja kubwa lililokuwa limeshanunuliwa na kutolewa tena mara tatu, maana pale ukinunua kitu kwa ajili ya Bwana unaweza kukirudisha kiuzwe upya.

Kulikuwa na minong'ono ya maziwa. Gadiel alipita katikati yake, amevaa suti, akampa Mwalimu Solomoni bahasha mbele ya Kasaine na Violet. Mwalimu akavaa miwani. Safari hii hakuivua. Alimpa Kasaine picha, naye Kasaine akaishika kwa ncha za vidole, akafuata ule mstari wa waridi kutoka mkononi mwake mwenyewe, pembeni ya picha, mpaka kifuani kwa binti yake.

"Ilikuwa haijulikani," alisema Kasaine.

"Ndiyo."

"Ungeiacha, nani angekuuliza?"

"Hakuna."

"Sasa kwa nini umeileta?"

Gadiel alikuna shingo. "Si nimeipiga."

Mwalimu Solomoni akatangaza palepale kwamba Jumatatu hakuna mbio, na nafasi ni ya Violet. Wachache wakapiga makofi, wengine wakamtazama Namelok kwanza wajue kama inaruhusiwa. Yeye ndiye aliyempigia Violet vigelegele, vibaya, vikatoka kama vya kuku aliyekanyagwa. Violet akamfuata, akamwambia, "Naondoka baada ya wiki tatu. Mpaka hapo njoo tukimbie wote asubuhi, peke yangu nalala." Namelok akasema atakuja, ila siyo Jumatatu, Jumatatu ana maua.

Kasaine hakuirudisha ile picha. Aliipeleka mnadani, akaiweka kati ya jogoo na boga. Mtu akaanza kwa bei ya mayai. Lemburis, mjomba, akapandisha kwa hasira, kana kwamba akiinunua utepe utahama. Kasaine akapandisha. Lemburis akaangalia mfukoni, akajiondoa. Kasaine akalipa kwa Mwalimu, akavuka ule uwanja mdogo na fimbo yake, akampa Namelok picha kwa mikono miwili, namna mtu anavyompa mkwe zawadi.

"Hii ni yako," alimwambia. "Violet ana nafasi. Wewe una baba."

Gadiel akajifanya anafuta lenzi. Kamera siku hiyo hakuja nayo.

*

Hivi ndivyo ninavyoisimulia hadithi hii kila ninapopata benchi na wasikilizaji, na juzi niliisimulia tena palepale kwa fundi viatu, kwa wageni wawili waliokuwa wanangoja soli. Nikafika mwisho, na kwa kuwa walicheka vizuri, nikaongeza kidogo. Nikasema tatizo la wazee ni mashine kubwa na kiburi kikubwa kuliko mashine. Nikasema kijana yeyote mwenye simu ya kawaida, akasimama pale mstarini akatulia, angelimaliza lile suala kwa sekunde tano na Mwalimu Solomoni angekunywa chai yake.

"Si ulikuwepo?" ilisema sauti nyuma yangu.

Nasieku alikuwa mlangoni pa studio na fremu mkononi. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Nilikuwepo, mama. Kwa mbali."

"Kwa mbali wapi. Ulikuwa umepanda kwenye dawati, hatua tano kutoka kwenye utepe, simu juu, unarekodi. Nilikuona. Nikasema moyoni, afadhali huyu kijana ametulia."

Wageni wakanigeukia. Fundi viatu akaacha nyundo hewani.

"Waonyeshe basi," alisema Nasieku kwa upole kabisa, na kwake upole ndio hatari. "Usiseme umefuta. Mtu hafuti kitu kama kile."

Nilikuwa sijafuta. Nikatoa simu, nikaitafuta, nikabonyeza. Sekunde kumi na nne. Wingu. Bega la mtu. Jua linatoka. Halafu sauti yangu mwenyewe ikiita Namelok, Namelok, kama mtu anayeita daktari, na picha inaruka juu, inaanguka chini, na tangu hapo mpaka mwisho hakuna mkimbiaji, hakuna utepe, kuna kiatu changu cha kushoto tu kikirukaruka juu ya dawati.

Gadiel alikuwa ametoka ndani kusikiliza. Akanyoosha mkono, akaichukua simu, akaitazama video yote mara mbili na jicho moja limefumbwa, kama anavyotazama kazi ya wanafunzi wake.

"Mwanga umekaa vizuri," akasema, akanirudishia.